Ethi ya ndege ya kitambaa

Nimefunga nyaya za magari hapa Malindi kwa miaka 27. Matatu, malori ya chumvi ya Gongoni, pikipiki, mashua za injini, na Land Rover moja kuukuu ambayo mwenyewe kila akiileta huniapia kwamba hii ni mara ya mwisho. Ndege nilikuwa naziona zikipita juu ya paa la karakana zikienda kutua, basi. Sikuwahi kuwaza kwamba iko siku nitalala chali chini ya moja nikiwa na tochi mdomoni.

Ilikuwa baada ya masika. Alikuja mzee mmoja, fundi wa ndege mwenye leseni, aliyekula ujana wake wote kwenye uwanja wa ndege wa Wilson kule Nairobi. Alikuwa amepewa kazi ya kufufua ndege ndogo ndani ya banda la mabati huku kwetu, na alitaka mtu wa kumsaidia upande wa umeme. Akaniangalia nikifunga stata ya Probox, hakusema neno, akanywa kahawa yake chungu mpaka ikaisha. Halafu akasema, "Nataka mtu anayejua waya na asiyejua ndege. Anayejua ndege kidogo ndiye hatari." Nikacheka. Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo namwita Mwalimu, naye huniita Fundi, na makubaliano yetu yalikuwa haya: mimi naunga, yeye anakagua kila nilichogusa, kisha yeye ndiye anaweka sahihi kwenye kitabu cha ndege. Sahihi yangu haimo popote, na ndivyo sheria inavyotaka.

Ndege yenyewe ni Piper Super Cub. Aina hii ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1949, viti viwili, kimoja mgongoni mwa kingine, na hadi leo ndizo askari wa wanyamapori wanazopigia doria Tsavo kwa sababu zinaruka polepole na kutua popote penye nafasi ya kuchezea mpira. Mkubwa wake, ile Cub ya kwanza, haikuwa na umeme wa kusema: hakuna betri, hakuna stata, unaishika propela kwa mkono na kuizungusha huku ukimtaja Mola. Hii yetu ina betri ya volti 12, dainamo, stata, taa na redio. Yaani ni gari, nikajiambia. Nilijidanganya vibaya.

Nilipoikuta ilikuwa imevuliwa nguo. Hizi ndege zimevikwa kitambaa, msomaji, si bati. Kitambaa kikitolewa, kiwiliwili kinabaki mabomba membamba ya chuma yaliyochomelewa, ukikitazama kwa mbali utadhani dema kubwa la kuvulia changu. Mabawa ni mbavu za alumini, nyepesi, mtoto anaweza kukunja ubavu mmoja kwa mkono. Ndani ya dema hilo ndimo zilimopita nyaya za zamani. Zilikuwa zimevikwa uzi wa pamba uliosukwa, uzi umekauka na kuwa kama gamba la muhogo. Nilivuta mmoja na ngozi yake yote ikapukutika chini. Mahali pengine fundi fulani wa miaka ya nyuma alikuwa ameunga kwa mtindo wetu wa barabarani: pindapinda, tepu nyeusi, twende.

Tukang'oa zote. Nikaenda mjini nikanunua waya wa gari, ule mzuri, si ule wa bei ya chini, nikarudi nao nikijiona nimefanya la maana. Mwalimu akakata kipande cha urefu wa kidole, akawasha kiberiti. Waya ukashika moto, ukadondosha matone, ukatoa moshi mweusi unaowasha koo mpaka tukatoka nje sote wawili.

"Sasa," akasema akifuta macho, "fikiria uko futi 3,000 juu ya Sabaki, moshi huu uko mapajani mwako, na nyumba yako ni kitambaa."

Kisha akatoa wake. Mweupe, ngozi nyembamba ya plastiki inayovumilia nyuzi 150 za Celsius. Tukauchoma. Ukakunjamana, ukazimika wenyewe kiberiti kilipoondoka. Nilipoumenya, shaba ya ndani haikuwa nyekundu, ilikuwa ya rangi ya fedha, maana kila uzi umepakwa bati la kuzuia kutu. Hapo ndipo niliposhtuka zaidi kuliko kwenye moshi. Mimi nimekaa pwani maisha yangu yote. Nimefungua nyaya za pampu za kutolea maji kwenye mashua nikakuta shaba imekuwa nyeusi, na unga wa kijani umepanda ndani ya ngozi hatua nzima kutoka mwisho wa waya. Chumvi haina haja ya kuingia kwa mlango. Na miaka yote hiyo nimekuwa nikibadilisha waya mwekundu kwa waya mwekundu.

Kulehemu pia akanikataza. Lehemu ikiyeyuka hupanda kati ya nyuzi na kufanya pale mahali pawe pagumu kama msumari, na injini inavyotikisa, waya hukatika palepale ugumu unapoishia. Kwa hiyo kila mwisho wa waya ni tamino, kile kichwa cha chuma cha kufungia waya, iliyobanwa kwa koleo maalumu ambalo halikuachii mpaka umebana kiasi chake kamili. Wiki ya kwanza nililichukia lile koleo. Sasa nina la kwangu.

Unene wa waya tulihesabu kwa kalamu, jambo ambalo kwenye gari mimi hufanya kwa macho. Taa ya kutulia iliyo kwenye bawa la kushoto ni ya wati 100, yaani inavuta karibu ampia 8. Kutoka dashibodi hadi pale, ukifuata njia ya mabomba, ni kama mita 5. Nilishika waya namba 18 kwa sababu ni mwepesi, na kwenye ndege kila gramu ina kesi. (Namba hizi ziko kichwa chini: ikikua, waya unakonda.) Mwalimu akanipa karatasi nihesabu mwenyewe. Namba 18 ingekula volti 0.8 njiani, na kitabu cha Wamarekani kinachofuatwa na mafundi wa ndege kinaruhusu volti 0.5 tu kwa mfumo kama huu, kwa kifaa kinachowaka mfululizo. Namba 14 ingekula 0.3. Tukafunga namba 14, tukabeba uzito.

Lakini hesabu hiyo ni ya safari ya kwenda tu. Umeme ukienda lazima urudi, na kurudi ndiko kulikonisumbua miezi mitatu.

Kwenye gari, kurudi si jambo la kuwaza. Bodi nzima ni bati, popote ukifunga ethi, yaani waya wa kurudishia umeme kwenye betri, umefika. Kwenye ndege ya kitambaa bodi hakuna. Kuna yale mabomba, na mabomba yenyewe Mwalimu alikuwa ameyapaka rangi ya kuzuia kutu kila upande, tabaka juu ya tabaka, kwa sababu chuma kitupu hapa kwetu hakimalizi Ramadhani moja bila kuota wekundu. Rangi ile ni nzuri kwa chuma na ni ukuta kwa umeme. Kwa hiyo kila penye ethi unakwangua kiduara cha ukubwa wa sarafu ya shilingi 10 mpaka chuma king'ae, unaweka tamino, unakaza nati, unapima, halafu ndipo unapaka rangi ya kuziba juu ya yote ili hewa ya bahari isipenye. Ukumbuke mpangilio huo, nitaurudia.

Kupima nako ni hadithi. Ukinzani, yaani kiasi njia inavyouzuia umeme, hupimwa kwa omu, na unaotakiwa ni usiozidi omu 0.005 kutoka kwenye kifaa hadi kwenye ethi ya betri. Mita yangu, ukiziunganisha nyaya zake mbili zenyewe kwa zenyewe, inasoma 0.2. Haina macho ya kuona kitu kidogo hivyo. Mwalimu akanionyesha ujanja ambao naona haya kwamba sikuujua: washa ile taa ya ampia 8 kupitia kwenye ethi unayoishuku, kisha pima volti kati ya tamino na ethi ya betri. Ampia 8 mara 0.005 ni volti 0.04. Mita ya kawaida inaiona hiyo bila taabu. Ikisoma milivolti 40 kushuka chini, umepita. Ikisoma zaidi, fungua, kwangua, rudia. Siku hizi nafanya hivyo hata kwenye matatu, na madereva wanadhani naongeza kazi ili niongeze bei.

Halafu ikaja magneto, na nusura tuzike mtu.

Injini hizi hazitegemei betri kwa cheche. Zina magneto mbili, kila moja inajifulia umeme wake ikizungushwa, betri iwepo isiwepo. Swichi ya gari ukiizima inakata. Swichi ya magneto ukiizima inaunga: inachukua ule umeme na kuupeleka ethi ili usifike kwenye plagi. Hebu uelewe maana yake. Waya unaotoka magneto kwenda kwenye swichi ukikatika, ukichomoka au ukitolewa na fundi mjinga, magneto iko hai, na ufunguo uko mfukoni mwako.

Fundi mjinga nilikuwa mimi. Nilikuwa nimetoa swichi ya zamani ili nifunge mpya, nyaya mbili za magneto zinaning'inia hewani, na kwa akili yangu ya gari nikaona hapo ndipo penye usalama zaidi: nimekata kila kitu, umeme utatoka wapi? Kijana wangu wa karakana alikuwa mbele akifagia. Akaegemea propela kwa bega. Propela ikasogea robo mzunguko, na ndani ya injini tukasikia "tak!", mlio mkavu kama kufuli.

Mwalimu alipiga ukelele ambao sikuwahi kumsikia mtu wa umri wake akiupiga. "Toka hapo!"

Ule mlio ni springi iliyo ndani ya magneto. Ukizungusha polepole hujivuta, kisha hufyatuka na kuirusha magneto kwa kasi ili itoe cheche kali ya kuwashia. Yaani ile "tak" ilikuwa cheche halisi. Bahati yetu ni kwamba matangi yalikuwa makavu tangu zamani na silinda hazikuwa na tone la petroli. Ingekuwa imebaki hata harufu, bega la yule mtoto, na kichwa kilicho juu ya bega... Nilikaa chini. Mwalimu hakunigombeza. Alikwenda akatoa nyaya zote kwenye plagi, moja moja, akazifunga kwa kamba nyekundu, akaniletea maji. Baadaye, tukila mahamri na mbaazi, akasema tu, "Huku kisichoguswa ethi ndicho kilicho hai." Kijana aliniuliza usiku, "Ami, kwani ilikuwa nini?" Nikamweleza mara tatu mpaka nikaona ameelewa. Nadhani nilikuwa najieleza mwenyewe.

Kwenye dainamo angalau nilidhani nitatamba. Vijana wa leo hawajui dainamo, wao ni altaneta tu, lakini mimi yule Land Rover ana ya Lucas, na najua ukishafunga regyuleta mpya, ile inayodhibiti umeme wa dainamo, lazima "uiamshe" dainamo kwa kuigusisha umeme wa betri kidogo, ijue upande gani ni chanya. Kwa Lucas unagusisha kwenye tamino yenye herufi F, ile ya koili ya dainamo. Hii ya ndege ni Delco-Remy. Nikachukua kipande cha waya, mkono ukaenda kwenye F wenyewe kwa mazoea, na Mwalimu akaupiga kofi kama mama anavyompiga mtoto anayedokoa. Koili ya Lucas inapata ethi yake ndani ya dainamo. Ya Delco inaipata nje, kupitia regyuleta. Ukiipa F umeme wa betri hapo, umeme unapita moja kwa moja kwenye pointi za regyuleta kwenda ethi na kuzichoma. Yake inaamshwa kwa kugusisha tamino mbili za regyuleta, BAT ya betri na GEN ya dainamo, cheche moja, umemaliza. Ethi tena.

Na redio? Ethi. Antena ya kusimama, ile fimbo ya karibu sentimita 60, inahitaji sahani ya chuma chini yake ili ifanye kazi, na kitambaa si chuma. Tukaweka bamba la alumini ndani, mahali antena itakaposimama, tukaliunga kwenye mabomba. Haikuchukua hata nusu siku.

Nyaya zote hizi lazima zikae mahali pake pa milele kabla kitambaa hakijapanda, kwa sababu baada ya hapo hakuna boneti ya kufungua. Tulizifunga mafungu kwa uzi wa nta, fundo lile lile wavuvi wanalofungia chombo kwenye nguzo na juu yake fundo la kukaza, na kila unapopita ubavu wa alumini tukavisha mpira ili ukingo usiule waya. Gundi za kitambaa zilipoanza kupakwa, mimi nilifukuzwa bandani wiki mbili. Mvuke wake unasubiri cheche tu, na mimi kazi yangu ni cheche.

Siku waliyokuwa wakishona, nilimleta mjomba wangu, mshona matanga, mzee wa miaka 80 na kitu. Kitambaa ni poliesta. Kinabandikwa, kisha kinapigwa pasi kwa kipimo, mwisho nyuzi 177 za Celsius, kinajivuta mpaka ukikigonga kinalia kama ngoma. Halafu kinashonwa kwenye kila ubavu, kutoka juu hadi chini, kwa sindano ndefu kama mkono. Mjomba akapitisha kidole kwenye mshono polepole. "Fundo mmelificha ndani," akasema. "Vizuri. Upepo haupati pa kushika." Akazunguka mpaka ncha za mabawa, akaona vioo vya taa. "Kushoto nyekundu, kulia kijani. Basi hiki ni chombo cha bahari, mmekipoteza njia tu." Akataka kujua tanga hili linapunguzwa vipi kaskazi ikichachamaa. Hakuna aliyeweza kumjibu.

Sasa lile la mpangilio.

Mabawa yalikuwa bado kwenye stendi zake, yamevikwa, yameunganishwa na kiwiliwili kwa nyaya ndefu za majaribio. Tukasubiri giza, tukafunga milango, nikabonyeza swichi kuu. Mwenye ndege alitaka zibaki taa za zamani za globu, si LED, na nashukuru, kwa sababu LED ingenificha kosa. Nyekundu ikawaka vizuri. Nyeupe ya mkiani ikawaka. Ya kijani ikawaka kama kaa la sigara.

Mwalimu hakusema kitu. Akanipa mita.

Kati ya miguu miwili ya taa: volti 9.6. Kutoka mguu wa chanya hadi ethi ya betri: 12.2. Kwa hiyo kwenda hakuna ubaya, kurudi ndiko kunakopotea. Kutoka bodi ya taa hadi ethi ya betri: 2.6. Zile volti zangu zilikuwa zimekaa mahali pamoja, kwenye tamino ya ethi niliyoifunga kwenye ubavu wa karibu na ncha, ndani, chini ya kitambaa kilichokwisha pigwa pasi na kushonwa.

Nilikumbuka mara moja. Ijumaa. Nilikuwa nimeikwangua, nimeikaza, nimeipima, milivolti 20, safi. Kisha nikaona waya umevutika kidogo, nikailegeza nati ili nigeuze tamino ielekee vizuri. Adhana ikaanza. Nikapaka rangi ya kuziba, ndipo nikakaza. Rangi ikapita chini ya tamino. Sikupima tena.

Kukata kitambaa kungekuwa kutafuta mahali pa kulia. Lakini mabawa haya yana matundu ya kukagulia, duara la kama sentimita 10 lenye kifuniko, na moja lilikuwa chumba kile kile, shibri mbili kutoka kwenye tamino. Mkono wangu uliingia hadi kiwiko na kukataa kujikunja. Wa Mwalimu vivyo hivyo. Tukamgeukia kijana, ambaye mikono yake ni kama miti ya mishikaki.

Aliingiza mkono mpaka kwapani, shavu limelala juu ya kitambaa, macho kafumba, spana ya 3/8 vidoleni. Mimi namwongoza kwa maneno: kushoto, chini, hapo, legeza. Akailegeza. Nati ikamponyoka. Tuliisikia ikianguka kwenye kitambaa cha chini, tiki, tiki, kama punje ya mahindi kwenye ungo, kisha kimya. Mwalimu akaondoa miwani, akasema hakuna anayeenda nyumbani mpaka ipatikane, kwa sababu nati iliyopotea ndani ya bawa itakwenda kukaa pale inapopita kamba ya usukani. Ikabidi tuwaite mlinzi na jirani yake. Wanne tukalinyanyua bawa na kuliinamisha, taratibu, kama tunapepeta, mpaka nati ikajileta yenyewe kwenye tundu. Saa tano usiku.

Kijana akarudisha mkono. Akakwangua kwa kipande cha msasa kilichofungwa kidoleni, akafuta, akakaza, nikapima: milivolti 15. Akapaka rangi. Nikapima tena. Nikapima mara ya tatu, Mwalimu akaniambia inatosha. Taa ya kijani ilimulika ukuta wote wa mabati.

Asubuhi mamake alikuja karakana kabla sijafungua kufuli, kamshika mwanawe mkono, mkono umechorwa mistari myekundu toka kiganjani hadi kwapani kwa zile kingo za mbavu. Akaniuliza ni mnyama gani amemparura mtoto wake namna hii.

Nikamwambia ni ndege.